Nyumba ya Mji Mkongwe ikiungua, usikimbilie saruji

Moto ulianzia kwenye nyaya za umeme za ghorofani, zilizoungwaungwa miaka nenda miaka rudi. Kulipokucha mama alikuwa amekaa kwenye baraza ya jirani, kanga yake imejaa masizi, na kila anayepita anampa pole na ushauri juu yake: vunjeni, mjenge ya matofali. Nashukuru hatukuvunja. Naandika haya kwa aliyepatwa kama sisi, hapa Unguja au Lamu au Mombasa, maana nyumba hizi za mawe ni ndugu.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Usiku wa moto zilikunywa maji ya zimamoto hadi ndani, na maji hayo lazima yapate pa kutokea. Chokaa huyapitisha, saruji huyafungia. Fundi wetu wa mwanzo alipiga plasta ya saruji chumba cha mbele kabla hata wiki mbili hazijesha. Masika ilipoingia ikabanduka vipande vipande, nyuma yake chumvi nyeupe na ukuta uliolowa. Tukalipa tena kuibomoa. Mara ya pili tulingoja miezi mitano, madirisha wazi, ndipo mwashi mzee akapiga chokaa iliyozimwa kwa maji na kulazwa pipani muda mrefu.

Masizi yatoe kwa brashi kavu kwanza. Sisi tuliosha kwa maji na sabuni, weusi ukazama ukutani, na harufu yake ikaja kila siku ya mvua.

Kisha boriti, na hapa ndipo penye roho ya nyumba. Boriti ya mkoko ikiungua nje, ndani huweza kuwa nzima. Mwashi wetu alizikwangua kwa kisu moja moja mpaka akafikia mti wenye rangi yake, akazipima unene uliobaki, akazigonga kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Nane alizirudisha kwa moyo mkunjufu. Lakini ncha zilizoingia ukutani hakuziamini, kwa sababu moto hujificha humo ukafuka polepole. Alichokonoa kila ncha, na tatu ziliingia bisibisi kama muhogo uliochemshwa. Hizo zikatoka. Kabla ya kutoa hata moja, weka nguzo za kushikilia dari. Dari ya mawe na chokaa ni nzito mno, usimruhusu mtu asimame chini yake kwa kukisia.

Angalia pia udongo ulio kati ya mawe. Ukigeuka mwekundu kama chungu, joto lilifika hapo, na mawe ya jirani yake yakaguliwe.

Usitupe chochote kabla ya kupiga picha: mlango, misumari yake, hata kipande cha nakshi kilichoungua nusu. Na nenda mapema kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kuomba kibali. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Sisi tulikwenda tumeshaanza kazi, tukasimamishwa, na haki ilikuwa yao.

Umeme tuliutandika upya wote, nyaya ndani ya mabomba, kabla ya plasta. Swichi kuu tumeishusha karibu na mlango, mkono wa mama unaifikia bila kupanda kiti.