Nimeharibu pinde nne za tawi, wa tano ndo unapiga

Hili kovu dogo juu ya nyusi yangu ya kulia watu huwa wanadhani ni bodaboda. Hapana, ni upinde. Upinde wangu wa pili. Nilikuwa nimeupiga randa pande zote mpaka unang'aa, mviringo safi kama mpini mpya wa dukani, nikavuta mara ya kwanza poa, ya pili poa, ya tatu ukapasuka mgongoni na kipande kikanirudia usoni. Mama watoto akatoka jikoni mbio akidhani mtungi wa gesi umelipuka.

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Karatu, na wageni wengi wakimaliza Ngorongoro wanataka kushuka Mang'ola, Ziwa Eyasi, kuwaona Wahadzabe, jamii inayoishi kwa kuwinda na upinde. Asubuhi wageni wanaingia porini na vijana, sisi madereva tunabaki. Wenzangu wanalala kwenye gari, mimi nikawa nakaa na mzee mmoja anayependa kuchonga kivulini, na siku moja nikamwonyesha kwenye simu picha ya upinde wangu uliopasuka. Akacheka kwanza, akacheka sana yaani, alafu akapitisha kidole kwenye mgongo wa upinde wake akaniambia, "Dereva, huku hakuguswi."

Basi somo lenyewe ndo hilo, na ningelijua mapema ningekuwa na kovu moja pungufu. Upinde ukivutwa, upande unaotazama shabaha (mgongo) unavutika, na upande unaokutazama wewe (tumbo) unabanwa. Chini ya gome kuna nyuzi za mti zinazotoka ncha hii mpaka ncha ile bila kukatika. Ukipitisha randa pale umezikata, na kila ulipokata pananyanyuka kibanzi, kibanzi kinazaa ufa, ufa unakuja usoni kwako. Kwahiyo mgongoni toa gome tu, basi. Kama kuna kifundo pamevimba kidogo acha pavimbe, kama tawi lina kijikombo acha, uzuri utautafuta kwenye mambo mengine. Kuchonga kote ni upande wa tumbo na ubavuni.

Na hapo ndo raha ya kutumia tawi badala ya mbao ya kununua, maana mbao ya mashine imekatwa bila kujali nyuzi zinaelekea wapi, ila tawi mgongo wake umeshatengenezwa na mti wenyewe. Wala usione ni kazi ya watoto. Denmark walifukua kwenye tope pinde za miaka kama 9,000 iliyopita, za Holmegaard, zimechongwa kwenye vishina vyembamba hivi hivi. Na yule mtu wa kwenye barafu aliyepatikana milima ya Alps mwaka 1991, Ötzi, alikutwa na upinde wa mita 1.82 ambao alikuwa bado hajaumaliza kuchonga. Nikikaa miezi minne na upinde mmoja najifariji na huyo bwana.

Mti gani? Huku kwetu mkole ndo mti wenyewe, mwembamba, mgumu, unapinda bila kulalamika. Nimejaribu na mpera wa nyumbani ukanifaa pia (waliocheza manati wanajua mpera haukatiki kijinga). Mkaratusi ulinipasukia nyufa kabla hata sijaanza kuchonga. Kama uko sehemu nyingine na huijui miti yake, chukua kijiti cha unene wa kidole kilichokauka ukipinde taratibu. Kikikatika paa kama karoti achana nao, kikichanika chanika na nyuzi kutokeza huo una matumaini. Na uombe kwa mwenye mti jamani, usiingie hifadhi ya msitu na panga alafu useme umesoma kwangu.

Tawi lenyewe liwe nene kidogo kuliko mpini wa jembe, sentimita 4 mpaka 5, urefu mimi nakata 170 ili nikitoa ncha zilizopasuka nibaki na 160. Watu wafupi wa subira hukata la mita moja, linavunjika, wanalaumu mti. Hesabu ni rahisi, upinde unaopinda wote uzidi kidogo mara mbili ya urefu unaovuta mshale wako. Angalia gome pia, kama mistari yake inazunguka tawi kama kamba iliyosokotwa basi na nyuzi za ndani zimesokotwa hivyohivyo, ukichonga utakupinda kwenda upande. Kama tawi lilikuwa limelala mtini weka alama upande uliokuwa juu kabla hujakata, huo ndo unafanya mgongo mzuri kwasababu mti umeshauzoesha kuvutana na uzito wa tawi.

Kukausha sasa. Upinde wa kwanza niliuchonga siku ileile nilipokata tawi, mbichi kabisa, ukapinda vizuri sana na ukabaki umepinda mpaka leo, tunaanikia nguo za mtoto. Wa tatu nikaenda upande wa pili, nikaubandua gome nikauweka juu ya bati juani uwahi, wiki moja tu ukawa na nyufa unaweza kuingiza shilingi. Nachofanya siku hizi: napaka gundi ya mbao kwenye ncha zote mbili saa ileile, maana ncha ndo zinakauka haraka kuliko katikati, alafu napunguza upande wa tumbo kwa panga mpaka libaki kama nusu ya tawi, nalifunga kwenye mbao iliyonyooka lisijipinde, naliweka darini kivulini. Gome la mgongoni naliacha mpaka mwisho. Kila wiki nalipima kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu ya unga wa keki. Likiacha kupungua uzito limekauka. Usihesabu miezi, pima.

Halafu inakuja sehemu ambayo inatenganisha upinde na kijiti chenye kamba, kuifanya mikono yake miwili (nusu ya juu na ya chini ya kishikio) ipinde sawasawa, na hapa upinde wa nne ulinifia. Nilikuwa na haraka, nikaona mkono wa chini mgumu, nikakwangua sehemu moja pale karibu na kishikio, nikakwangua tena, nikavuta, ukapinda palepale kama kiwiko na kukatika. Kuna kitu mafundi seremala wanakijua ila mimi ilibidi nikisome kwa machozi, ukipunguza upana nusu nguvu inapungua nusu, lakini unene ni kitu kingine, ukipunguza unene sehemu moja tu ya kumi nguvu inayoondoka inazidi robo. Yaani mikwaruzo kumi ya kipande cha chupa ni mingi. Panga na shoka mwanzo tu, baadae tupa (ile ya kunolea), mwisho kipande cha chupa au kisu kilichosimamishwa wima.

Nimepigilia ubao ukutani, upinde unakaa juu yake katikati, kamba ndefu imelegea, navuta kwa chini sentimita kumi tu na kupiga picha kwa simu. Kwenye picha ndo unauona uongo wako, jicho linakubembeleza lakini picha haina undugu. Panapopinda sana usipaguse, kwangua panaponyooka. Kila ukikwangua uvute kidogo kidogo mara thelathini ndo uangalie tena, mti unachelewa kupata habari. Ning'iniza pia mizani ya kulabu, ile ya kupimia mizigo, kwenye kamba. Kama unataka upinde wa kilo 15 (nguvu ya kuuvuta, sio uzito wa mti) usivute kupita kilo 15 hata siku moja, hata kama bado umepinda kiduchu tu. Ukiona vimistari vyembamba vimekatiza tumboni kama mikunjo ya ngozi hapo panabanwa kupita kiasi, punguza pembeni yake na usipaguse penyewe.

Kamba Wahadzabe wanatumia kano za wanyama. Mimi nasokota uzi wa mafundi viatu na kupaka nta ya nyuki. Katani usijaribu, na nailoni ya kufungia mizigo inavutika kama mpira. Mikato ya kamba ichongwe ubavuni, sio mgongoni, tumeshaelewana. Ukishafunga, nafasi kati ya kamba na kishikio iwe kama ngumi yenye dole gumba lililosimama. Usiachie kamba bila mshale hata kwa utani, na watoto wa jirani watakuomba, kwahiyo ficha. Ukimaliza fungua kamba upumzike.

Mishale ni habari nyingine ndefu. Shabaha yangu ni kiroba kilichojaa matambara, nyuma yake ukuta, na kuku wa jirani nawahesabu kabla na baada. Kuwinda usiniulize, bila kibali ni kosa, na jirani zetu Kenya wamepiga marufuku tangu 1977.

Huo wa tano ni wa mpera, kilo 14, mzee wa Mang'ola niliompelekea aliuvuta kwa vidole viwili na kuniuliza ni wa mwanangu wa ngapi. Wa kwake mimi sikuufikisha hata nusu. Sasa hivi darini kuna mkole, Jumapili iliyopita ulisoma gramu 1,180, leo asubuhi 1,140, na keki imesubiri mizani.