Kabla Hujalipia Ziara ya Makumbusho ya Tambi Japani

Kila ninapomwambia mtu anayekwenda Japani kwamba atenge siku moja kwa ajili ya makumbusho ya tambi, swali linalorudi ni lilelile: nilipe hela yangu, tena nimlipe na mtu wa kunizungusha, nikaangalie Indomie? Ndiyo, lipa. Ila ujue unalipia nini, kwa sababu ziara hizi zinatofautiana sana, na mwongozaji asiyejua jikoni atakusomea vibao ambavyo ungeweza kuvisoma mwenyewe kwa Kiingereza bila kutoa senti.

Tuanze na majumba yenyewe, maana watu huyachanganya. Yapo matatu yanayojulikana zaidi, na mawili kati ya hayo yako mji mmoja wa Yokohama, kusini kidogo ya Tokyo. La kwanza ni jumba la rameni, yaani tambi za ngano za Kijapani zinazoliwa ndani ya supu, la Shin-Yokohama, lililofunguliwa 1994, hatua chache kutoka kituo cha treni za mwendokasi. Ukishuka chini ya ardhi unakuta mtaa mzima wa mwaka 1958 umejengwa upya, na vichochoro vyake, mabango ya sinema, taa za barabarani, na dari iliyopakwa rangi ya anga la magharibi. Milango ya mtaani ni migahawa ya kweli ya rameni. La pili ni Cup Noodles Museum, lililofunguliwa 2011 upande wa bandarini, eneo la Minatomirai. Hili ni mali ya kampuni ya Nissin, nalo linahusu tambi za papo hapo, zile za kumwagia maji moto. La tatu ni ndugu yake mkubwa, la mwaka 1999, mjini Ikeda karibu na Osaka, ambako tambi hizo zilibuniwa. La Ikeda halina kiingilio.

Ushauri wangu ni mfupi: anayependa kula aende Shin-Yokohama, anayependa kujua vitu vinavyotengenezwa aende bandarini, na anayependa historia isiyo na pambo aende Ikeda. Mwenye watoto asijiulize mara mbili, aende bandarini.

Sasa huyo mwongozaji. Zamani sheria ya Japani ilitaka kila anayeongoza wageni kwa malipo awe na leseni ya serikali, lakini tangu 2018 hata asiye na leseni anaruhusiwa kufanya kazi hiyo. Faida yake ni kwamba utapata watu waliowahi kuwa wapishi, au walioacha ofisi kwa sababu ya kupenda rameni. Hasara yake ni kwamba utapata pia kijana aliyekariri ukurasa mmoja wa mtandaoni. Kabla ya kulipa, mwandikie swali moja la jikoni: kwa nini tambi za rameni ni za njano na zinavutika, wakati za udon, zile nene za Kijapani, ni nyeupe na laini, ilhali zote ni ngano na maji? Akikujibu kuwa ni mayai, tafuta mwingine. Yapo pia makundi ya wazee na wanafunzi wanaojitolea kuwaongoza wageni bure, wewe unawalipia nauli na kiingilio tu, na baadhi yao wanajua mengi kuliko wa kulipwa. Hawa waandikie mapema.

Jibu la swali hilo ndilo lililonifanya niamini kwamba mwongozaji mzuri ana thamani yake. Aliyetuongoza sisi alikuwa mama mtu mzima, mstaafu, mwenye sauti ndogo. Alitusimamisha mbele ya unga na kutuambia kwamba siri ya rameni ni kansui, maji yaliyotiwa chumvi za kaboneti za sodiamu na potasiamu. Maji hayo yanaikaza gluteni, ile protini ya ngano inayonata, ndiyo maana tambi zinavutika bila kukatika na hazilegei haraka kwenye supu ya moto. Yanaifanya rangi iliyojificha ndani ya unga ijitokeze, na unga mweupe unageuka manjano bila yai hata moja. Na yanaacha ile harufu kidogo ya sabuni ambayo mgeni huisikia asijue inatoka wapi.

Mimi nilizaliwa Tanga, nyumba ambayo kisamvu hakipikwi bila magadi. Nilimwambia kwamba kwetu tunalo jiwe la namna hiyo, linatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, tunalitia kwenye maharage na mboga ngumu ili zilainike. Akasimama pale pale. Alitaka kujua tunatia kiasi gani, na kama tukizidisha kunakuwaje. Nikamwambia mboga inakuwa na uchungu na mama anakugombeza. Akacheka, akasema wapishi wa rameni nao hugombezwa kwa kosa hilo hilo. Kuanzia hapo hakurudi tena kwenye maneno yake ya kila siku, alitutembeza akitujibu tulichouliza. Kwa hiyo usiende na maswali ya tarehe. Tarehe ziko ukutani. Uliza kuhusu mikono, moto, chumvi na kipimo, na utaje unavyofanya wewe kwenu.

Kwenye majumba ya Nissin utakutana na kibanda cha mbao, nakala ya kile alichofanyia kazi Momofuku Ando, mwanzilishi wa Nissin, nyuma ya nyumba yake Ikeda. Ndani mna sufuria, mashine ya kukata tambi, magunia ya unga, na seti ya vifaa ambavyo fundi yeyote wa mandazi angevitambua. Ando alizaliwa Taiwan mwaka 1910, kisiwa kikiwa chini ya Japani, akahamia Osaka kufanya biashara. Baada ya vita aliona watu wamepanga foleni ndefu kwenye baridi kusubiri bakuli la rameni, karibu na kituo cha Umeda, wakati ngano ya msaada kutoka Marekani ilikuwa ikiingia kwa wingi na serikali ikihimiza watu wale mkate. Miaka ilipita. Mwaka 1957 chama cha mikopo alichokiongoza kilifilisika na mali yake karibu yote ikaenda nacho. Alikuwa na miaka 47 alipoingia kibandani.

Shida yake ilikuwa kuzikausha tambi zikae miezi bila kuharibika, kisha zirudi kuwa chakula kwa dakika chache. Hadithi ya kampuni inasema alipata jibu alipomwangalia mkewe, Masako, akikaanga tempura, samaki na mboga zilizochovywa kwenye unga. Iwe ilikuwa hivyo hasa au la, ukweli wa jikoni uko palepale: tambi iliyopikwa kwa mvuke ikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo ndani hutoka kwa kasi na kuacha vitundu vidogo vingi. Baadaye ukimwaga maji moto yanaingia kupitia vitundu hivyohivyo. Tarehe 25 Agosti 1958 tambi zake hizo, Chicken Ramen, zikaingia sokoni kwa yeni 35. Hapo mwulize mwongozaji wako bonge la udon mbichi liliuzwa bei gani wakati huo. Ilikuwa kama yeni 6. Hiki tunachokiita chakula cha mwanafunzi aliyeishiwa kilianza kama anasa ya mtu mwenye haraka.

Hapa niseme jambo ambalo jumba halitalisema kwa sauti kubwa. Makumbusho ya kampuni husifu kampuni. Taiwan kulikuwa na tambi za kukaangwa zenye ladha ya kuku kabla ya mwaka huo wa 1958, na wapo Wataiwan walioshindania haki ya ubunifu huu. Na rameni yenyewe ilifika Japani mikononi mwa Wachina: mgahawa wa Rairaiken wa Asakusa, Tokyo, uliofunguliwa 1910 na kuwa maarufu mno, mwenyewe alikuwa Mjapani lakini wapishi walitoka mtaa wa Wachina wa Yokohama. Shin-Yokohama wanalieleza hili waziwazi zaidi. Mwongozaji mzuri hatakwepa ukimuuliza. Uliza tu kwa adabu, na si mbele ya wafanyakazi wa jumba.

Kikombe ndicho kilichonishangaza zaidi. Mwaka 1966 Ando alikwenda Marekani kuuza, akawakuta wanunuzi hawana mabakuli, wakazivunja tambi zake kwenye vikombe vya karatasi na kula kwa uma. Cup Noodle ikatoka Septemba 1971. Ukikipasua kikombe katikati, kama wanavyoonyesha pale, unaona tambi hazigusi chini. Bonge ni pana kuliko kitako cha kikombe, kwa hiyo linaning'inia katikati, halivunjiki safarini, na maji moto yanazunguka hadi chini yake. Lakini kiwandani kulitumbukiza bonge hilo likae sawa kulishindikana, lilikuwa likipinduka. Suluhisho likawa kugeuza kazi yenyewe: bonge liwekwe chini, kikombe kishushwe juu yake, kisha vyote vipinduliwe. Februari 1972 polisi waliozingira Asama-Sanso, nyumba ya mapumziko kwenye mlima wenye theluji ambako mtu alikuwa ametekwa, walionyeshwa kwenye televisheni nchi nzima wakila kutoka kwenye vikombe hivyo, na mauzo yakapaa.

Kwenye karakana ya kutengeneza kikombe chako mwenyewe utazungusha mkono wa mashine na kuona upinduaji huo ukitokea. Unachora kikombe, unachagua supu moja kati ya nne na viungo vinne kati ya kumi na viwili, wenyewe wanasema michanganyiko ni 5,460. Inapendeza, haichukui muda, na watoto hawataki kutoka. Lakini kama nafasi ni moja, chagua karakana ya pili, ile ya kutengeneza Chicken Ramen tangu unga. Mnakanda wawili wawili, mnasukuma, mnakata, mnapika kwa mvuke, mnatia ladha, kisha mfanyakazi anakaanga mbele yenu. Aliyezoea kusukuma chapati ataona mikono yake inajua kazi kabla hajaelekezwa. Hii inahitaji nafasi iliyowekwa mapema, na siku za wikendi na likizo za shule nafasi zinakwisha upesi. Ukifika mlangoni bila nafasi utaishia kuwatazama wenzako kupitia kioo.

Kuhusu kula. Usile asubuhi. Shin-Yokohama kila mtu mzima anatakiwa kuagiza angalau bakuli moja katika kila mgahawa anaoingia, na bakuli la kawaida ni kubwa. Omba dogo, karibu wote wanalo, ndipo utaweza kuonja zaidi ya mgahawa mmoja. Unanunua tiketi kwenye mashine nje ya mlango, unamkabidhi mpishi, unakaa. Mwombe mwongozaji akupangie kuanzia supu nyepesi ya chumvi au ya mchuzi wa soya, kisha ya miso, soya iliyochachushwa, ya mji wa Sapporo, na nzito ya mwisho. Ukianza na nzito, ulimi hautasikia tena kitu. Sauti ya kuvuta tambi mdomoni si ukosefu wa adabu pale, ingawa ukishindwa hakuna atakayekucheka.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote asiyekula nguruwe, hili ni la kulimaliza kabla ya kulipa, si mezani. Tonkotsu ni supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa saa nyingi. Supu ya kuku au ya miso nayo mara nyingi huongezewa mafuta ya nguruwe, na ile sosi iliyo chini ya bakuli inaweza kuwa na pombe ya mpunga. Hata vile vipande vidogo vya nyama kwenye kikombe cha Cup Noodle vina nguruwe. Kumwambia mpishi "sili nyama ya nguruwe" hakutoshi, kwa sababu ataitoa nyama juu na kukuachia supu. Mwombe mwongozaji apige simu siku moja kabla, aulize mifupa, mafuta na pombe, kimoja kimoja. Akikuona unasumbua, umeshajua ni mwongozaji wa namna gani.

Wakenya wana jambo la ziada la kumwuliza mtu wa Nissin: kampuni hiyo iliwahi kushirikiana na chuo kikuu cha JKUAT, kule Juja, kutengeneza tambi kwa ajili ya walaji wa Kenya. Sisi si wageni kabisa kwenye hadithi hii, hata kama ukutani hatumo.

Majumba yote mawili ya Nissin hufungwa Jumanne, isipokuwa sikukuu, kwa hiyo kagua kalenda yao kabla ya kukata tiketi ya treni. La Yokohama kiingilio cha mtu mzima ni yeni 500, karakana zinalipiwa kando. Ukiwa na siku moja tu Yokohama, weka karakana ya bandarini saa za asubuhi, shinda na njaa yako, halafu panda treni hadi Shin-Yokohama ufike alasiri, foleni za chakula cha mchana zikiwa zimepungua na za jioni hazijaanza. Mwongozaji mlipie asubuhi tu. Mchana pale chini, ukishajua kununua tiketi kwenye mashine na ukishapata majibu ya zile simu, utajimudu mwenyewe.