Maswali ya Wasomaji: Antivairasi ya bure, ipi niweke?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, kompyuta za nyumbani zilizoingiwa na spaiwea, yaani programu zinazowapeleleza wenyewe. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana ndani yake mna mambo ya watu wengi hapa mjini.

SWALI: Asalaam aleikum kaka fundi. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Kisauni, nauza viungo na achari ya maembe kwa oda. Mwaka jana nilinunua laptopu ya ex-UK kwa duka moja hapa town, ilikuja na Windows na Office zishawekwa tayari, nikafurahi. Siku hizi kila nikiifungua kule pembeni chini latokea tangazo jekundu laniambia kompyuta yako ina vairasi 5 bonyeza hapa usafishe, nikifunga moja laja jengine, na nikitafuta kitu kwa brauza yanipeleka kwengine kabisa. Mpwa wangu kanitumia majina ya programu tano za bure za kutoa spaiwea aniambia niziweke zote, fundi wa mtaani naye ataka elfu tatu aniwekee antivairasi anayoiita ful. Mimi iTax ya kodi na imeli za wateja zote nafanyia humo humo. Nichague ipi?

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Kwanza hilo tangazo usilibonyeze, na elfu tatu yako kaa nayo.

Nianze na hilo jekundu maana ndilo linalowatia watu hofu kuliko yote. Likitokea tena usilifunge haraka, litizame vizuri. Chini ya yale maandishi makubwa pameandikwa kwa herufi ndogo Google Chrome, ama jina la brauza yoyote unayotumia, na kando yake anwani ya tovuti usiyoijua mbele wala nyuma. Ukiiona hiyo basi jua hakuna antivairasi iliyokagua mashine yako ikahesabu vairasi tano, ni tovuti tu ambayo siku moja ilimuuliza mtoto airuhusu ama asiiruhusu kutuma arifa, yeye alikuwa atafuta mpira wa bure ama katuni akabonyeza Allow ili ukurasa ufunguke, na tangu siku hiyo wana ruhusa ya kukupigia hodi hata kama ukurasa wao umeshaufunga zamani. Dawa yake haihitaji kuinstoli kitu. Fungua Chrome, ingia Settings, halafu Privacy and security, halafu Site settings, halafu Notifications, utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, toa zote usizozijua. Kuna watu nimewaondolea hivyo hivyo kwa dakika moja na walikuwa washaambiwa mashine imekufa ikafomatiwe.

Brauza kukupeleka kwengine ni jambo tofauti, hapo ndipo spaiwea yenyewe ama ndugu yake inapohusika. Mara nyingi huwa ni ekstensheni, kijiprogramu kinachojibandika ndani ya brauza, ile iliyosema itakupa kuponi ama kugeuza PDF. Kwenye Chrome hiyo hiyo ingia Extensions, na kila usiyokumbuka kuiweka kwa mkono wako itoe.

Sasa zana. Dada yangu, antivairasi unayo. Windows 10 na 11 zaja na Microsoft Defender ndani, bure, haina muda wa kuisha. Na wale wanaosema Defender ni ya vairasi peke yake, spaiwea haiijui, asili yake ni kinyume kabisa: Microsoft waliinunua kampuni ya GIANT mwisho wa mwaka 2004, na programu yake ilikuwa ya kutoa spaiwea tu, ndiyo waliyoigeuza wakaiita Windows Defender, vairasi imekuja kuanza kushika kwenye Windows 8 mwaka 2012.

Utaniuliza, ikiwa ipo, mbona haya yaliingia? Hapa nataka uwe na mashine mbele yako huku wasoma. Andika Windows Security pale pa kutafutia, ingia Virus & threat protection, halafu Manage settings, teremka mpaka chini kabisa kwenye neno Exclusions. Hiyo ni orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Kwa mashine ya mtu wa kawaida huwa tupu. Juzi nililetewa laptopu ya ex-UK kama yako, nikafungua pale nikakuta mstari mmoja tu, C:\ basi, hakuna kingine. Yaani diski nzima. Mlinzi yuko mlangoni na kaambiwa asimtizame yeyote anayepita. Aliyeiuza alikuwa kaweka Windows na Office za kreki, yaani zilizovunjwa leseni, na kreki za kuaktiveti hutaka Defender ifumbe macho ndio zikubali, sasa yeye hakujisumbua kuchagua faili moja akaiacha wazi nyumba nzima, na mwenye mashine ni mwalimu, miaka miwili anaingiza paswadi zake humo akiona ile alama ya kijani akidhani yuko salama. Liliniuma sana lile. Popote utakaposoma maelekezo ya kuweka kitu yanayoanza na "zima antivairasi kwanza", acha hapo hapo.

Ukikuta orodha yako tupu, hakikisha Real-time protection na Tamper Protection zimewashwa, kisha rudi nyuma uingie App & browser control, halafu Reputation-based protection, na hapo washa Potentially unwanted app blocking na vijisanduku vyake vyote viwili. Hii ndiyo inayoshika zile takataka zinazopanda mgongoni mwa programu nyengine, na mashine nyingi naikuta imezimwa. Mwisho rudi Virus & threat protection, Scan options, chagua Microsoft Defender Offline. Sevu kazi zako kwanza maana kompyuta itazima na kuwaka yenyewe, itakagua kama robo saa kabla Windows haijaamka, na uzuri wake ndio huo, kuna spaiwea ambazo Windows ikishawaka zinajua kujificha lakini saa ile bado zimelala.

Katika zile tano za mpwa wako chukua Malwarebytes peke yake, ile ya bure, na uichukue kwa malwarebytes.com penyewe. Itakupa majaribio ya ile ya kulipia, yakiisha itabaki ya bure, ambayo hailindi mlango, inakagua pale unapoiambia tu, na hicho ndicho tunachokitaka, jicho la pili mara moja kwa wiki. Hao hao wana AdwCleaner, ndogo, haihitaji kuinstoliwa, nzuri sana kwa brauza iliyotekwa kama yako. Nyengine ziache. Antivairasi mbili zikikaa macho pamoja kila moja yataka kuikagua faili kabla ya mwenzake, na hizi mashine zetu za RAM 4 zitakwama hata kufungua Word.

Lakini ukikuta C:\ kama ya yule mwalimu, mimi singesafisha. Ningehamisha picha na kazi zangu kwa flashi, nikafuta yote nikaweka Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft. Laptopu nyingi zilizokuwa za ofisi huko Uingereza zilikuja na leseni yake imeandikwa ndani ya ubao wa mashine, kwa hivyo ukiweka upya toleo lile lile mara nyingi inajiaktiveti yenyewe bila kreki, na muuzaji alikuwekea kreki kwa mazoea tu. Office weka LibreOffice, ni bure na ya halali, oda zako na hesabu utaziandika vizuri.

Na hili usilisahau dada yangu, paswadi. Kuna aina ya spaiwea ambayo haikai ikakuchunguza, yaingia, yafagia paswadi zote ulizosevu kwa brauza pamoja na kuki zinazokuacha ndani bila kuulizwa paswadi, yatuma, imemaliza. Mojawapo yaitwa Lumma, na Microsoft walipoipiga Mei 2025 walisema kwa miezi miwili tu wamehesabu kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa. Kwa hivyo hata ukisafisha ikang'aa, kilichotoka kimetoka. Shika simu yako, si hiyo laptopu, badilisha paswadi ya imeli kwanza kwa sababu ndiyo inayofungua nyengine zote, kisha iTax na eCitizen ya huduma za serikali, na kwenye imeli tafuta pale pa kutoa vifaa vyote vilivyoingia. Washa na uthibitisho wa hatua mbili. Fanya leo, usingoje Jumamosi.

SWALI: Fundi mambo, niko Tudor nasoma kampasi. Mzee wangu ashikilia Ad-Aware na Spybot toka enzi za saiba, mimi nimezoea Avast, rafiki yangu aniambia Avast yauza siri za watu. Ni kweli? Na nitajuaje programu ya bure ni salama?

JIBU: Poa mdogo wangu. Rafiki yako hajasema uongo. Avast walikuwa na kampuni tanzu yaitwa Jumpshot iliyouza habari za tovuti watu wanazotembelea, zikikusanywa na antivairasi na ekstensheni zao wenyewe, wakaifunga mwaka 2020 mambo yalipotoka nje, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawatoza dola milioni 16.5 na kuwapiga marufuku kuuza data hiyo kwa ajili ya matangazo. Sisemi leo bado wafanya, nasema mimi nina Defender ndani ya Windows na sioni sababu ya kumkaribisha mwengine mlangoni.

Mzee wako mpe heshima yake. Ad-Aware ni ya 1999 na Spybot ya Patrick Kolla ni ya 2000, wakati wa Windows XP zilituokoa wengi, hakukuwa na kitu ndani ya Windows kinachoshika spaiwea. Siku hizi kazi hiyo ina mwenyewe.

Kwa swali la pili, mimi hujiuliza huyu anakula wapi. Defender yalipwa na Windows. Malwarebytes ya bure yataka siku moja ununue ile ya kulipia, sawa, ni biashara ya wazi. uBlock Origin ya kuzuia matangazo kwenye brauza, aliyeitengeneza Raymond Hill hapokei hata mchango, na hiyo nakwambia iweke leo kwa sababu tangazo la uongo usiloliona hutalibonyeza. Jina liwe kamili, uBlock Origin. Firefox yaikubali nzima, Chrome wameifungia wakaacha ile ndogo ya Lite.

Hata programu nzuri yaweza kuingiliwa njiani. Mwaka 2017 CCleaner toleo 5.33 lilitoka kwa wenyewe rasmi likiwa limeshapandikizwa spaiwea, na watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wameliweka. Lakini mara nyingi tunaumia kwa njia rahisi kuliko hiyo. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kuchukua zana ya kusafisha mashine ya mteja, ukurasa ukafunguka na kitufe cha kijani kikubwa kimeandikwa Download, nikabonyeza, kumbe kile ni tangazo, cha kweli kilikuwa chini yake maandishi madogo ya buluu. Nilichokiweka kilileta ekstensheni mbili na ukurasa mpya wa kutafutia, na saa nzima niliipoteza kutoa nilichokiingiza mwenyewe, pesa ya mteja sikuichukua.

Tangu hapo naandika anwani kwa mkono, sibonyezi yale ya juu ya Google yaliyolipiwa, na faili ikishashuka kabla ya kuifungua naipeleka virustotal.com. Ni bure, ni ya Google tangu 2012, faili yako yakaguliwa na antivairasi kadhaa kwa mpigo mmoja. Moja peke yake ikilalamika huenda ni kosa, wakilalamika kumi futa bila kufikiri. Ila usipeleke huko barua za siri wala kopi ya kitambulisho, maana kinachopandishwa pale kinaweza kuonekana na wengine.

SWALI: Bwana fundi, mimi ni mzee mstaafu wa Likoni, laptopu yangu ni ya zamani Windows 10, wajukuu waniambia imekwisha muda na antivairasi gani itanisaidia?

JIBU: Shikamoo baba. Wajukuu wamesema kweli, apdeti za kawaida za Windows 10 zilikwisha 14 Oktoba 2025, na antivairasi haizibi tundu la Windows lenyewe. Ingia Settings kisha Windows Update, tafuta pale pa kujiandikisha apdeti za ziada za usalama, ambazo Microsoft walizitangaza mpaka 13 Oktoba 2026, na ni bure ukiingia na akaunti ya Microsoft ukakubali ihifadhi settings zako. Kama mashine yako ina prosesa ya Intel kizazi cha saba kurudi nyuma, Windows 11 haitaikubali rasmi, kwa hivyo huo muda utumie kujaribu Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni bure, spaiwea za Windows hazifanyi kazi humo, na kwa kusoma magazeti, imeli na kuongea na watoto walio ng'ambo kwa video inatosha. Mjukuu aiweke kwa flashi kwanza, baba, uijaribu hivyo hivyo bila kufuta kitu, ukiipenda ndio aiinstoli.