Je, Wema ni Makubaliano Tu?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mwanangu yuko chuo, mwaka wa pili. Likizo hii ameniambia mema na mabaya ni makubaliano ya jamii tu, kama upande wa kuendesha gari. Tena anasema mhadhiri wake haamini Mungu, lakini ni mwadilifu kuliko wazee wa usharika wetu waliokula fedha za jengo. Nilikosa la kumjibu. – Mama mzazi, Korogwe

JIBU: Bwana asifiwe, mama. Usimkemee, kijana anafikiri huyo.

Mfano wake wa barabara tuufuate mpaka mwisho. Dereva wa lori akivuka Rusumo kuingia Rwanda anahama kushoto kwenda kulia, na hana cha kutubu. Sasa twende Mkunazini, Unguja. Hadi Juni 5, 1873, Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza wa kufunga masoko ya watumwa, watu waliuzwa mchana kweupe na sheria iliruhusu. Kama wema ni makubaliano, basi siku ile Zanzibar ilibadili upande wa barabara tu, na aliyeuzwa kabla yake hakudhulumiwa. Mwulize mwanao kama anaweza kulitamka hilo.

Atakwambia Wakristo nao waliuza watu, wengine Biblia mkononi. Ni kweli, wala tusifiche. Ila ili awahukumu, anahitaji kipimo kilicho juu ya Sultani, juu ya Mwingereza na juu ya kanisa lenyewe. Sisi tunasema kipimo hicho ni Mungu. Si kwamba anaamuru lolote likawa jema, swali ambalo Plato, mwanafalsafa Mgiriki, aliliandika karne nyingi kabla ya Kristo: je, jema ni jema kwa kuwa limeagizwa kutoka juu, au limeagizwa kwa kuwa ni jema? Wema ndiyo asili yake, hawezi kesho kuhalalisha ukatili.

Mhadhiri yule asingemshangaza Paulo. Soma Warumi 2:15: kazi ya torati “iliyoandikwa mioyoni mwao”, nao ni watu wasio na torati. Kuwa mwema bila kuamini kunawezekana kabisa.

Siwapendi wahubiri wanaoishia hapa na kushangilia. Hoja ya dhamiri inakufikisha kwa Mungu, haikufikishi Kalvari. Imani yetu katika Kristo Paulo aliiegemeza kwenye ufufuo, akataja na mashahidi. Mwanao aanzie 1 Wakorintho 15, kisha abishane nayo.

Fedha za jengo, mama, ziulizwe kwenye mkutano wa usharika, stakabadhi zikiwa mezani.