Dawa ya Kwenye Hori Haimfikii Ndama Asiyekula

Ndama wa nyama aliyetengwa na mamake juzi, akapakiwa lori Laikipia na kushushwa Njoro usiku, hufika na njaa, kiu na vumbi la njia nzima mapafuni. Kesho yake asubuhi mwenyewe anakimbilia kumtilia dawa kwenye chakula. Hesabu inaharibikia hapo: dozi imepimiwa ndama anayekula, na huyu hata hori halijui.

Mpe kwanza maji na hei safi ya boma Rhodes. Aliyezoea kunywa mtoni hulipita birika la saruji. Acha mfereji udondoke, asikie maji. Polad (pumba ya ngano) na pumba ya mahindi zianze kwa nusu kilo kwa kila ndama, na molasi kidogo ya kuzuia vumbi. Kila mmoja apate sentimita 45 za hori, la sivyo wakubwa watakula dozi mbili na wanyonge wakose.

Wakishamaliza kilo moja kila mmoja, ndipo dawa iingie, kwa maagizo ya daktari wa mifugo. Klorotetrasaiklini, antibiotiki ya nimonia, ni miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, isizidi siku 5. Ndama wa kilo 150 anahitaji gramu 3.3, kama unga ulionunua una dawa asilimia 20, hizo ni gramu 16.5 za unga. Ndama 10, gramu 165. Usizimwage juu ya gunia na kukoroga kwa koleo! Zichanganye na kilo moja ya polad kwenye karai mpaka rangi iwe moja, kisha tia kwenye kilo 9 zilizobaki. Madini yenye kalsiamu yasiingie humo: kalsiamu huishika dawa hii tumboni, isifike kwenye damu.

Kuhara damu kwa koksidia, vimelea vya utumbo, hakusikii dawa hiyo. Hapo ni amproliamu, miligramu 10 kwa kilo kwa siku 5. Na chakula chenye monensini, dawa nyingine ya koksidia, kisiachwe punda anapopita. Humwua.

Wakati wa kulisha, mtazame aliyebaki nyuma. Ubavu wa kushoto umebonyea, masikio yamelegea, makamasi puani: mpime. Akipita nyuzi 40, mtenge, daktari amdunge sindano siku hiyo hiyo, na uandike tarehe ukutani ili asiuzwe kichinjioni kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.