Siku ya kujitolea kazini: fanyeni kazi mnayoijua

Dada, umesema kampuni yenu ya uhandisi hapo Dodoma imewapa siku moja ya kujitolea kila robo mwaka, na wenzako wanataka kupaka rangi madarasa. Rangi si mbaya, lakini mzazi yeyote mwenye brashi ataipaka. Ninyi mnajua kupima mteremko, kusoma ramani, kukagua pampu. Toeni hicho.

Nendeni ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala ulioanza mwaka 2019 kusimamia maji vijijini, mkaulize ni mradi upi umesimama na kwa nini. Kisha kaeni na chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani wanajamii wanaoendesha mradi wa maji, na hasa akina mama wanaobeba ndoo. Wao ndio wanaojua bomba lilianza kusuasua lini. Mara nyingi kinachokosekana ni kipuri, fedha ya kukinunua, au fundi wa karibu. Kwa hiyo msitengeneze wenyewe mkaondoka. Fundi wa kijiji ashike spana, ninyi mmwelekeze. Na chagueni kijiji kimoja tu kwa robo zote nne, maana pampu iliyotengenezwa bila mtu wa kuifuatilia itasimama tena.

Bosi mwombeni siku hiyo ilipwe kama siku ya kazi, na asiyekwenda asiandikwe vibaya. Kumlazimisha mtu kujitolea ni kumdhulumu. Barua ya ombi hilo iandikeni wewe na mwenzako wa fani ya maji, mkiambatisha jina la kijiji na makadirio ya vipuri.