Punda jike wa uzazi: usimlipie bei ya punda wa mkokoteni

Mvua zikikatika tu, mnada wa Meserani (Arusha) na ule wa Weruweru (Kilimanjaro) hujaa vijana wanaotafuta punda wao wa kwanza. Hela ipo, mkokoteni umeshachomelewa, tairi zimepatikana, kilichobaki ni mnyama. Na kila msimu linarudiwa kosa lile lile. Anaonekana punda jike mnene, manyoya yanang'aa, amesimama kimya. Dalali anasema, "Huyu mpole, hata mtoto anamshika." Kijana analipa bei ya punda wa kazi kwa mnyama ambaye maisha yake yote amezaa na kula majani. Wiki ya pili mkokoteni uko mtaroni na punda ana kidonda kifuani. Inauma, wadogo zangu, kwa sababu mnyama hana kosa lolote na ile hela mlidunduliza mwaka mzima.

Jike wa uzazi si mnyama mbaya. Wengi wana afya kuliko punda waliochoka barabarani, na akifundwa vizuri atawafanyia kazi miaka mingi. Shida ni bei. Mlipieni kwa anachokijua leo, mkitoa gharama ya kumfunza anachokosa.

1. Upole si mafunzo

Punda wa uzazi amezoea watu kwa namna moja tu: watu humfungulia zizi, humpa pumba, huja kumtazama mtoto wake. Hajawahi kuvaa mkanda wa kifua wala kusikia chuma kikigongana nyuma yake. Na punda akiogopa hafanyi kama farasi. Farasi hukimbia, punda wengi huganda. Mdomo umekaza, macho yametulia mahali pamoja, masikio yamelegea pembeni au yamelala nyuma, shingo ngumu. Mgeni anaona utulivu. Mwenye kujua anaona hofu inayosubiri nafasi.

Mwombe dalali dakika ishirini na uende kwa mpangilio. Kwanza mpapase kuanzia shingoni, begani, mgongoni hadi miguuni, kisha inua kwato zote nne, moja moja, ukimaliza na za nyuma. Pili, mwongoze hatua hamsini mbali na wenzake, mgeuze kushoto na kulia, msimamishe, halafu msukume kidogo kifuani umrudishe nyuma hatua tatu. Punda wa mkokoteni anajua kurudi nyuma, wa uzazi atakushangaa. Tatu, mtandike gunia tupu mgongoni. Nne, mwenzako avute dumu tupu chini, mita tano nyuma yake, wewe ukiwa umeshika kamba kichwani. Tano, mzungushie mkanda mpana kifuani, ncha zote mbili zishikwe na mtu aliye nyuma kidogo na pembeni, avute polepole. Aliyefundwa akihisi uzito huegemea mbele. Asiyefundwa husimama, au hurudi nyuma, au hugeuka kuangalia kuna nini. Hapo umeshajua unanunua nini.

Tazama pia ngozi. Punda aliyevuta kwa miaka hubeba ushahidi: manyoya meupe kifuani na mabegani pale matandiko yaliposugua, wakati mwingine na mapajani. Alama kavu kama hizo hazipunguzi bei, kinachopunguza ni kidonda kibichi. Ukiambiwa huyu ana miaka tisa na amevuta mkokoteni tangu utoto, na mwilini hana hata unyoya mmoja mweupe, maelezo hayo hayana mguu wa kusimamia.

Na muulize aliyekaa naye. Kwenye maboma ya Kimaasai punda ni mnyama wa akina mama, wao ndio humtumia kuchota maji na kumpakia vyombo wakati wa kuhama. Dalali pengine kamnunua asubuhi ile ile. Kama yupo mama aliyekuja na mnyama, msalimie kwa heshima, "Yeyo (mama, kwa Kimaasai), huyu amebeba nini kwako?" Atakwambia kweli, hata kama kweli yenyewe ni "huyu alikuwa anazaa tu."

2. Hesabu

Anza na bei ya punda aliyefundwa kwenye mnada huo huo, siku hiyo hiyo. Usitumie bei uliyosikia Bomang'ombe mwaka jana. Tarakimu hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme punda aliyefundwa anauzwa shilingi 400,000. Jike mtu mzima asiyejua kazi anahitaji kama wiki sita za kufundwa, siku sita kwa wiki, yaani siku 36. Ukithamini muda wako kwa 3,000 tu kwa siku, ni 108,000. Kukata kwato mara mbili, 20,000. Dawa ya minyoo, 10,000. Daktari wa mifugo kumkagua, 20,000. Chakula cha nyongeza kwa wiki hizo sita, 30,000. Jumla 188,000. Inabaki 212,000. Toa na sehemu ya kumi ya bei ya kuanzia, 40,000, kwa kuwa wapo wasiokubali mkokoteni kabisa na wataishia kubeba maji tu. Dau lako la mwisho ni 172,000.

Muuzaji atapiga kelele. Mwache apige kelele, mwoneshe hesabu. Mnaojiibia wenyewe ni ninyi mnaosema "mimi muda wangu bure." Wiki sita ambazo mkokoteni umeegeshwa Ngaramtoni bila kubeba tofali si za bure.

3. Mimba

Jike aliyekaa na dume mhesabu ana mimba hadi daktari aseme hana. Tumbo pekee halikwambii kitu: minyoo na majani makavu hulivimbisha vile vile. Ziwa huanza kujaa mwezi wa mwisho hivi, na wakati huo umeshachelewa. Daktari anaweza kupima kwa mkono au kwa ultrasaundi.

Punda hubeba mimba kwa takribani miezi 12, na wengine hufika 14. Tangu miezi mitatu ya mwisho hadi mtoto afikishe miezi mitatu usimpe kazi nzito, na huo ni nusu mwaka. Baada ya hapo mwanapunda bado ananyonya hadi kama miezi sita, anafuata mkokoteni barabarani, anasimama katikati ya lami ya Kisongo malori yakipita. Dalali atasema unapata wawili kwa bei ya mmoja. Kwa mfugaji wa kuzalisha, sawa. Kwa mtu wa mkokoteni, yule mtoto hatavuta mzigo wa maana kabla ya miaka minne, na mama yake amesimama. Kwako mimba inashusha bei.

4. Mwenzake

Hapa naomba mtulie, kwa sababu ndipo wanapokufa.

Punda hufungamana wawili wawili. Jike aliyezaa miaka mingi kwenye boma moja ana rafiki yake, mara nyingi dada au binti yake mkubwa, wanakula bega kwa bega na kulala karibu. Ninyi mnamchukua mmoja, mnampandisha kwenye lori la Kanta, mnamshusha Usa River kwenye banda geni lenye majani mageni, peke yake. Usiku analia. Kesho yake kanyamaza, mnasema amezoea. Hajazoea. Ameacha kula.

Punda mnene akiacha kula, mwili hufungulia mafuta ya akiba na kuyamwaga kwenye damu. Kwa wanyama wengine hilo hujizuia lenyewe, kwa punda halijizuii vizuri. Mafuta hujaa kwenye damu, ini na figo huzidiwa, na sumu hiyo humfanya achukie chakula zaidi. Ni duara linalojikaza. Walio kwenye hatari kubwa ni hawa hawa mnaowapenda mnadani: jike mnene, mwenye mimba au anayenyonyesha, aliyetoka tu kusafirishwa. Ule unene uliolipia nyongeza ndio unaomuua, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Kibaya zaidi ni kwamba punda huficha. Anaweza kusimama horini, mdomo ukicheza na majani, usidhani anakula kumbe hamezi. Kwa hiyo msitazame mdomo, tazameni majani yamepungua kiasi gani na hesabuni kinyesi. Kinyesi kidogo, kikavu, chenye utando wa ute, ni habari mbaya. Kusimama kichwa chini mbali na chakula, harufu mbaya mdomoni, kutokunywa maji, ni habari mbaya zaidi. Mpime akiwa ametulia asubuhi ya kwanza ili ujue kawaida yake: punda mzima mwenye afya hupumua mara 12 hadi 28 kwa dakika, moyo hupiga 36 hadi 52, na joto huwa kati ya 36.5 na 37.8.

Akikaa siku nzima bila kula, daktari aitwe siku hiyo hiyo, si "tuone kesho." Wakati mnamsubiri, mpeni chochote atakachokubali: majani mabichi, maganda ya ndizi, pumba iliyolowekwa na molasi kidogo. Na msije mkamnyima chakula punda mnene ili apungue haraka. Hapo mnaiwasha nyinyi wenyewe ile hatari.

Kinga yake inaingia kwenye bei. Nunueni wawili waliozoeana, hata kama wa pili ni mzee wa kubeba madumu mawili tu. Kama hela haitoshi, hakikisheni nyumbani kuna punda mwingine mpole, na mwombeni muuzaji gunia la majani aliyozoea, muyachanganye na yenu kwa wiki mbili. Mkiwa hamna punda mwingine wala hela ya wawili, basi msinunue jike huyo hata akishuka bei. Tafuteni punda wa kazi aliyezoea kukaa peke yake.

5. Vya kukagua haraka

Meno: yote ya mbele ya utu uzima hukamilika karibu na miaka mitano, na yakishaanza kulala mbele na kuwa kama pembetatu mdomoni, huyo ni mzee. Kwato: waliochungwa kwenye udongo laini huwa na kwato ndefu, zinatengenezeka, ila mistari ya kwato iliyo mipana kisiginoni kuliko mbele ni dalili ya ugonjwa wa zamani wa kwato, ondoka. Mgongo: aliyezaa mara nyingi hubonyea, huyo mweke kwenye mkokoteni, usimpakie. Ziwa: shika pande zote mbili, uvimbe mgumu ni tatizo. Uzito: pima mzingo wa kifua nyuma ya kiwiko kwa utepe wa fundi nguo, sentimita 110 ni karibu kilo 117, sentimita 120 ni karibu kilo 148.

Huo uzito una kazi. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake, kwa hiyo punda wa kilo 120 ni madumu mawili ya lita 20. Yale manne mnayoyafunga ni kilo 80.

6. Hoja ya ngozi

Wapo wauzaji ambao bado wanataja bei za miaka ya biashara ya ngozi za punda. Viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Februari 2024 kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Bei ya ngozi haina nafasi kwenye mazungumzo yenu.

7. Kumfunza

Wiki ya kwanza kamba na kuguswa tu, dakika ishirini kwa siku. Ya pili soji (tandiko la mgongoni) tupu na mkanda wa kifua, akitembea pembeni ya punda anayejua kazi. Ya tatu avute tairi kuukuu kwenye udongo. Ya nne mkokoteni mtupu, mtu mmoja kichwani na mwingine kwenye breki. Ya tano na ya sita robo ya mzigo, kisha nusu, mahali pa tambarare, na mlima wa Ngaramtoni usubiri. Akigoma, rudi hatua moja nyuma. Fimbo humfundisha kwamba mkokoteni unauma.

Na nira ya ng'ombe msimvishe hata siku moja. Ng'ombe husukuma kwa nundu na mabega, punda huvuta kwa kifua. Nira itamchubua juu ya mabega ndani ya siku mbili, na kidonda cha hapo hupona taratibu sana. Mkanda wa kifua uwe mpana kama kiganja, umewekewa kitambaa laini, ukae juu ya kiungo cha bega na chini ya koo.

8. Siku ya kulipa

Lipeni mbele ya ofisa wa mnada, mpate stakabadhi yenye rangi, alama na hereni ya mnyama, na kibali cha kusafirisha mifugo kabla ya kumtoa. Muuzaji akikubali, shikilieni sehemu ya hela hadi daktari apime mimba, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye karatasi ile ile. Kabla ya kupandishwa garini anyweshwe maji, na kama nyumbani si mbali, tembeeni naye asubuhi kukiwa na baridi, mwenzake akitangulia.